Je, Gitaa la Bei Nafuu Laweza Kushindana na Gitaa Ghali?



Katika barua zilizofika mezani pangu majuma haya mawili imo moja niliyoisoma mara tatu. Imetoka kwa mama mmoja muuza vitumbua, ambaye binti yake yuko kidato cha tatu na amejifunza kupiga gitaa katika kwaya, kwa kuazima chombo cha mwalimu wake. Kwa muda wa mwaka mzima mama huyu ameweka akiba kidogo kidogo, hata zikatimia shilingi laki mbili na elfu themanini. Na dukani ameliona gitaa kavu lililotoka China ambalo bei yake ni hiyo hiyo. Lakini mjomba wa binti, aishiye Ulaya na ambaye naye ni mpigaji, amewapelekea habari kwamba wasithubutu kulinunua. Asema hayo si magitaa bali ni masanduku yenye nyuzi. Kwamba gitaa la kweli huchongwa na fundi mmoja kwa mikono yake, nalo hugharimu maelfu ya dola. Na kwamba ni heri mtoto angoje, hata yeye mjomba atakapojaliwa kumletea moja la namna hiyo. Mama auliza: "Je, ningoje au ninunue?"

Swali hili laonekana dogo, lakini limebeba mambo mawili mazito: fedha ya jasho, na miaka ya mtoto ambayo ikipita hairudi. Kwa hiyo sitalijibu kwa neno moja. Nakuomba, ndugu msomaji, hata kama hujapata kushika gitaa maishani mwako, tulichambue pamoja. Kwani yahusuyo gitaa huhusu pia cherehani, baiskeli, na kila chombo ambacho mtu hununua ili apate kujifunza kazi.

Kwanza tuanze na jina. Gitaa lisilotumia umeme tunaliita gitaa kavu, lakini wazee wetu waliliita galatoni, na jina hilo lenyewe ni shahidi katika kesi yetu. Gallotone ilikuwa chapa ya kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini, na chini ya chapa hiyo ziliuzwa sahani za santuri pamoja na magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban. Jina la bidhaa likaenea hata likawa jina la chombo. Na katika miaka ile ya 1950, juu ya gitaa kavu, ulijengwa muziki mzima wa ukanda wetu. Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo huitwa Likasi. Na upigaji wake wa vidole ungali ukisomwa na wanafunzi wa gitaa hata Ulaya na Marekani. Huko Kenya naye George Mukabi aliwafanya watu waache kazi zao wasikilize. Muziki huo haukuzaliwa katika karakana za mafundi wa matajiri. Ulizaliwa migodini, vibarazani na katika vilabu vya pombe, chupa ya soda ikigongwa pembeni kuwa ndiyo ngoma.

Tena liko jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1957 kijana mmoja wa Liverpool, Uingereza, alikuwa na gitaa la Gallotone, la bei rahisi, lililovushwa bahari kutoka Afrika. Ndani ya tundu lake kulikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba halitapasuka. Kijana huyo ni John Lennon, na gitaa hilo ndilo alilokuwa akilipiga tarehe 6 Julai mwaka huo, siku alipokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni laki moja. Mbao zake hazikubadilika wala sauti yake haikuwa imegeuka kuwa ya malaika. Kilichopanda bei ni kumbukumbu ya mikono iliyolishika. Hapo tayari tumejifunza jambo la kwanza: bei ya gitaa na sauti ya gitaa ni vitu viwili, ambavyo mara hufuatana na mara huachana njiani.

Sasa tuulize: sauti ya gitaa yatoka wapi? Uzi peke yake ni mwembamba mno, hauwezi kusukuma hewa ya kutosha kusikika chumba cha pili. Kazi ya kusukuma hewa hufanywa na ubao wa mbele, yaani uso wa gitaa, ambao unene wake ni kama milimita tatu tu. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa uso, na uso huitikisa hewa iliyo ndani ya tumbo na ile iliyo nje. Lakini uso huo huo mwembamba unavutwa na nyuzi sita za chuma ambazo nguvu yake kwa jumla hupita kilo 70. Ni kama mtu mzima aliyening'inia hapo mchana na usiku. Ukiwa mwembamba mno utajikunja na kung'oka. Ukiwa mnene mno hautatikisika, na sauti itakuwa bubu. Ustadi wote wa fundi wa gitaa uko katika kupatanisha mahitaji hayo mawili yanayogombana. Ndiyo maana chini ya uso hubandikwa fito nyembamba za mbao, na fundi hodari huzipunguza kwa patasi huku akigonga kwa kidole na kusikiliza, kama mama apimavyo nazi kwa kuitikisa sikioni.

Magitaa ya bei ya chini kabisa hutengenezwa kwa plaiwudi, yaani tabaka nyembamba tatu zilizobandikwa kwa gundi. Plaiwudi ni imara, haipasuki upesi, na huwa rahisi kwa kiwanda. Lakini ni ngumu na nzito kidogo, kwa hiyo hutikisika kwa uvivu. Magitaa ya bei ya juu hutumia ubao mzima, aghalabu wa mti wa sprusi, uliopasuliwa na kukaushwa kwa miaka. Ubao huo ni mwepesi na wenye nguvu, nao huitikia hata mguso mdogo wa kidole. Katikati ya makundi hayo mawili liko kundi la tatu, ambalo uso wake ni ubao mzima ilhali mgongo na mbavu ni plaiwudi. Hilo ndilo kundi lililobadili mambo katika zama zetu. Kwani leo viwanda vya China na Indonesia hutoa magitaa ya namna hiyo kwa dola mia mbili au tatu, ilhali gitaa la karakana maarufu kama ya Collings huko Texas au ya Santa Cruz huko California hugharimu dola elfu tano na zaidi. Kwa fedha yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni kumi.

Je, lile la milioni kumi lina sauti nzuri mara ishirini kuliko lile la laki tano? Hapa ndipo mafundi wenyewe walipotoa ushahidi wa kushangaza. Mwaka 1862 Antonio de Torres wa Uhispania, ambaye wengi humwita baba wa gitaa la kisasa, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu, na uso wake tu ndio uliokuwa wa mbao njema. Alitaka kuonyesha kwamba roho ya sauti imo katika uso na wala si katika fahari ya mgongo. Gitaa hilo lingali limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Na mwaka 1995 Bob Taylor wa California, ambaye kampuni yake huuza magitaa ya bei kubwa, alichukua mbao za mwaloni kutoka katika kichanja kibovu cha kupakilia mizigo, akatafuta na kipande cha ubao wa kujengea nyumba kwa ajili ya uso, akaunda gitaa na kulipeleka kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki. Lilipigwa, likasikika vizuri, na waliolidharau wakashika vidomo vyao. Fundi huyo alitaka kusema kwamba mkono wa mjuzi huzidi jina la mti.

Ushahidi wa tatu ni wa wataalamu. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza. Fundi Roger Bucknall alitengeneza magitaa sita yaliyofanana kwa kila hali isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Moja lilikuwa la rozwudi ya Brazil, mti adimu ambao biashara yake ya kimataifa imezuiwa tangu mwaka 1992. Mengine yalikuwa ya miti ya bei ndogo zaidi kama mahogani na sapele. Wapigaji 52 waliyapiga katika chumba chenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji, ili macho yasiyaambie masikio la kusema. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na wapigaji hawakuweza kuyatofautisha kwa uhakika. Kabla ya hapo, mwaka 2010, wapiga fidla 21 walikuwa wamejaribiwa kwa njia hiyo hiyo huko Indianapolis, Marekani, kwa fidla tatu mpya na tatu za kale za Italia zenye thamani ya mamilioni ya dola. Wengi wao walipoulizwa ni ipi wangependa kwenda nayo nyumbani walichagua mpya, na iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa mojawapo ya zile za Stradivari. Sikio la mwanadamu, ndugu msomaji, hudanganywa upesi na bei iliyoandikwa.

Lakini nisije nikakuelekeza nusu ya njia kisha nikakuacha. Uchunguzi ule wa Lancaster haukulinganisha gitaa la kiwanda na gitaa la fundi. Magitaa yote sita yalitoka katika mikono ya fundi mmoja hodari. Kilichothibitika ni kwamba mti wa mgongo si hirizi. Hakikuthibitika kwamba ustadi hauna kazi. Kadhalika Torres na Taylor hawakuwa wanafunzi. Karatasi ya Torres iliimba kwa sababu uso uliundwa na Torres.

Kwa hiyo tuwe waadilifu tuseme gitaa ghali hushinda wapi. Hushinda katika upana wa sauti: ukiligusa polepole hunong'ona, ukilipiga kwa nguvu hupaza sauti bila kukoroma, na kila uzi husikika kando na mwenzake. Hushinda katika usahihi wa shingo, kwani huchongwa na kusuguliwa mpaka kidole kisikutane na kikwazo. Hushinda katika urefu wa maisha, maana limejengwa ili lipate kufunguliwa na kutengenezwa tena na mafundi wa vizazi viwili vijavyo. Na hushinda katika jambo ambalo halisikiki: fedha unayotoa humlisha fundi aliyetumia miaka ishirini kujifunza, ambaye kwa mwaka mzima hutoa magitaa machache tu. Anayeweza kumlipa fundi huyo haki yake na amlipe, wala tusimcheke. Mpigaji wa studio aishiye kwa kazi hiyo atapata faida ya kila shilingi aliyoitoa.

Hata hivyo, tofauti hizo ni kama tofauti ya mchele wa kawaida na mchele wa daraja la juu. Kutoka njaa hadi shibe ni safari ndefu. Kutoka shibe hadi utamu ni hatua fupi tena ghali. Kutoka gitaa bovu lisilopatanika sauti hadi gitaa zuri la kiwanda ni safari ile ndefu, nayo siku hizi hugharimu kidogo. Kutoka gitaa zuri la kiwanda hadi gitaa la fundi maarufu ni hatua ile fupi, nayo hugharimu mamilioni. Anayeanza kujifunza ana haja ya shibe kwanza.

Na mjomba asifikiri kwamba dharau kwa bidhaa za nje ni jambo jipya. Magitaa ya Yamaha ya Japani yaliyoanza kutoka mwaka 1966 kwa jina la FG nayo yaliitwa ya rahisi. Lakini mwaka 1969 Country Joe McDonald alisimama mbele ya umati wa Woodstock, Marekani, akiwa na moja la namna hiyo mkononi. Ilipofika mwaka 1970 kampuni ya Martin, iliyoanzishwa mwaka 1833 na yenye heshima kuliko zote katika kazi hii, ililazimika kuagiza magitaa kutoka Japani na kuyauza kwa jina la Sigma. Baada ya Japani zilifuata Korea, Indonesia na China. Leo magitaa ya Japani ya zama zile hutafutwa kwa hamu na watu ambao yumkini baba zao waliyacheka. Mashine zinazoongozwa na kompyuta huchonga shingo elfu moja bila kukosea, na mashine hizo hizo zimo pia katika viwanda vya Marekani. Urahisi wa bei watoka zaidi katika wingi wa kazi na ujira wa wafanyakazi kuliko katika uzembe.

Tena kuna jambo linalonikaa moyoni. Baadhi ya magitaa ghali kabisa duniani yana mgongo wa mpingo, mti wetu huu wa Kilwa, Lindi na Ruvuma, ambao ni ndugu wa rozwudi na ambao kwa muda mrefu zaidi umetumika kwa klarineti na zumari za Ulaya. Tangu mwaka 2017 miti yote ya jamii hiyo imewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Hapa nyumbani, mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Wilaya ya Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora. Basi mti hukua kwetu kwa miaka sabini na zaidi, huvuka bahari, hugeuka mgongo wa gitaa la dola elfu kumi. Na mtoto wa hapa, ambaye huenda babu yake aliupita mti huo kila siku akienda shamba, aambiwa asiguse gitaa mpaka apate la namna hiyo. Hilo halinielei. Mpingo wetu na tuulinde na tuuze kwa bei yake. Lakini tusimfanye mtoto aamini kwamba muziki umo ndani ya mti.

Sasa, ndugu msomaji, niruhusu nieleze kwa nini barua ile niliisoma mara tatu. Mwaka 1985 mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nasi tulikuwa Tanga. Mwalimu mmoja aliyehamishwa kituo alikuwa akiuza gitaa lake la plaiwudi, lenye mikwaruzo na nyuzi tano badala ya sita, kwa bei ya mbuzi mmoja. Mdogo wangu alinijia akitetemeka kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeanza kazi, nimesoma vitabu viwili vitatu, na nilijiona mjuzi. Nikamwambia: "Hicho ni kibao cha kuchezea. Ngoja, nitakununulia gitaa la kweli." Akaniitikia "Ndiyo, kaka," akaenda zake. Sikumwona akilia.

Miaka ile vitu vilikuwa adimu, na mshahara wangu ulikuwa na wengi wa kuulilia. Nikaweka fedha, zikaliwa na ugonjwa. Nikaweka tena, zikaliwa na msiba. Ilipofika mwaka 1992 ndipo nilipolipata gitaa la ubao mzima, zuri kweli kweli, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nikampelekea Dodoma, ambako alikuwa dereva wa lori, mwenye mke na watoto wawili. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligusa nyuzi, akacheka. Akasema, "Kaka, ahsante sana. Lakini vidole vimekwisha kuwa vya usukani." Akalitundika ukutani. Ubao mzima, nilikuja kujua baadaye, hutaka hewa yenye unyevu wa kadiri, kama asilimia hamsini hivi. Na miezi ya kiangazi Dodoma ni mikavu kama tanuru. Usiku mmoja wa Septemba walisikia mlio kama kijiti kivunjikacho. Asubuhi uso ulikuwa umepasuka kutoka daraja hadi chini. Lile la mwalimu, la plaiwudi, yumkini lisingepasuka.

Nilipoisoma barua ya mama huyu nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye sasa ni babu, nikamwuliza kama angali akilikumbuka gitaa la mwalimu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nalikumbuka. Nilikuwa nimekwisha kujua nyimbo mbili juu ya zile nyuzi tano." Hajapata kunilaumu hata siku moja, na laiti angenilaumu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Walisema pia, chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako. Methali hizo nilizijua zote mwaka 1985, lakini sikudhani kwamba zilinihusu.

Basi, dada yangu, jibu langu ni hili: mnunulie. Lakini usinunue kwa pupa, kwani ni kweli pia kwamba madukani yamo masanduku yenye nyuzi kama asemavyo mjomba. Mchukue binti pamoja na mwalimu wake wa kwaya, nanyi fanyeni hivi.

Lishikeni gitaa mwangalie shingo yake kwa urefu, kama seremala aangaliavyo ubao kwa jicho moja. Iwe imenyooka, au imelegea kidogo tu kwa mbele. Iliyopinda kama upinde msiichukue. Kisha tazameni nyuzi zilivyopanda juu ya shingo pale kwenye pingili ya kumi na mbili ya chuma. Nafasi iwe milimita mbili hadi tatu. Ikizidi sana, vidole vya mtoto vitaumia na mapenzi yake yatakufa kabla ya mwezi kwisha. Watoto wengi walioacha gitaa walishindwa na nyuzi zilizowekwa juu mno, wala si na muziki. Hata hivyo kasoro hiyo fundi huweza kuiondoa kwa kusugua kile kibao cheupe kilicho juu ya daraja, na ujira wake ni mdogo.

Pigeni kila uzi katika kila pingili, mkisikiliza kama uko mahali unapokoroma. Linganisheni sauti ya uzi ulio huru na sauti ya uzi huo ukibanwa kwenye pingili ya kumi na mbili: iwe ni sauti ile ile iliyopanda ngazi nane. Ikiwa haipatani hapo, haitapatana popote, na chombo hicho kitaliharibu sikio la mwanafunzi. Zungusheni vifungo vya kukazia nyuzi. Viende polepole bila kuteleza. Tazameni ukingo wa tundu la tumbo: mistari ya mti ikiendelea kutoka juu hadi ndani ya ukingo, uso ni ubao mzima, mkiona tabaka kama za chapati, ni plaiwudi. Kwa bei yenu mkipata plaiwudi msisikitike, hasa kama nyumbani kwenu ni pwani kwenye unyevu mwingi au bara kwenye ukavu. Itastahimili.

Tena, angalieni kama gitaa ni la nyuzi za nailoni au la nyuzi za chuma. La nailoni limejengwa kubeba karibu nusu tu ya mzigo wa nyuzi za chuma, na nimeona mengi yaliyong'oka daraja kwa sababu mwenyewe alitia nyuzi za chuma apate sauti kali. Msiliache ndani ya gari juani, maana joto hulegeza gundi. Na ikiwa bei ni laki mbili na elfu themanini zote, msizimalize zote. Ombeni punguzo, mbakize fedha ya fundi na ya nyuzi mpya. Gitaa la kawaida lililorekebishwa na fundi hulishinda gitaa bora lililoachwa kama lilivyotoka sandukuni.

Kwa mjomba nina neno la heshima, maana naamini asema kwa mapenzi. Ndugu yangu, usiifute ahadi yako, iahirishe tu. Kwa sasa mpelekee mpwa wako seti nne za nyuzi nzuri, na kila Jumamosi mpe nusu saa ya kumfundisha kwa simu. Hayo hayazidi uwezo wako, na thamani yake kwake ni kubwa kuliko mgongo wa rozwudi. Baada ya miaka mitano, vidole vyake vikiwa vimelizidi gitaa lile la China, ndipo utakapomletea la fundi. Naye atalijua kwa kulisikia, wala si kwa kuambiwa bei yake.

Je, gitaa la bei nafuu laweza kushindana na gitaa ghali? Katika mikono ya bingwa, ghali litashinda, ingawa kwa tofauti ndogo kuliko bei inavyodai. Katika mikono ya mwanafunzi, litashinda lililopo. Gitaa la mjomba bado halipo, ndugu msomaji, na binti yuko kidato cha tatu.

Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo.